Nyoka, Vipepeo na Miti ya Dawa ya Tungue



Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alipotutaka tuandike habari za uchunguzi wetu wa likizo, wenzangu wengi walichagua kilimo au uvuvi. Mimi nimechagua nyoka, vipepeo na miti ya dawa. Wasichana wa bweni langu wamecheka sana kwa sababu ya makopo niliyorudi nayo, tena wamenitaka niape kwamba hamna nyoka ndani yake. Hamna. Mna vipepeo na majani makavu tu, na ngozi mbili ambazo nyoka wenyewe walizivua kwa hiari yao.

Kwetu ni Tungue. Kwa wasioijua nchi hiyo, ukitoka Mtwara kwenda kusini, ukavuka mto Ruvuma, ukapita Kionga, wafika kwenye rasi ambayo Wareno waliiita Cabo Delgado. Kusini ya rasi kuna ghuba pana, nayo ndiyo Tungue. Mji wake siku hizi huitwa Palma. Zamani alikaa huko liwali wa Sultani wa Unguja, mpaka mwaka 1887 Wareno walipokuja na manowari wakaitwaa. Kwa hiyo bibi yangu huzungumza Kimwani na Kiswahili, na wajukuu wake waliobaki huko husoma Kireno shuleni.

Karibu na bahari kuna minazi, kisha mikorosho na miembe, na nyuma ya mashamba kuna misitu mikavu ya pwani. Katika miaka ya 2008 na 2009 walikuja wataalamu wa Jumba la Makumbusho la Elimu ya Viumbe la Paris pamoja na wenzao wa nchi nyingine, wakatembea katika misitu hiyo ya Cabo Delgado, wakaandika zaidi ya aina 700 za mimea. Nyingine zilikuwa hazijapata kuandikwa na mtaalamu yeyote duniani. Niliposoma habari hizo nilifurahi, kisha nikaona wivu kidogo, maana bila shaka bibi yangu alikuwa amekwisha kuikanyaga baadhi ya mimea hiyo “mipya” akienda kuchota maji.

Sasa nieleze kwa nini nilianza kuchunguza nyoka, kwa kuwa sikuanza kwa kupenda.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alipanda mkorosho ili kutikisa matawi ya juu, na nyoka wa kijani akamwuma kiganjani. Alimwona vizuri. Alishuka, akajifuta damu kidogo kwa shati, akasema, “Ukukwi tu huyu, hana neno.” Kwetu kila nyoka mwembamba wa kijani huitwa ukukwi, na kila mtoto ameambiwa kwamba ukukwi hana sumu. Basi akaendelea kuokota korosho. Baada ya muda mfupi akasema ulimi wake umekuwa mzito. Kope zikamwangukia kama mtu mwenye usingizi, na mate yakaanza kumtoka asiweze kuyameza. Watu wakakimbia kutafuta pikipiki. Ilipopatikana alikuwa hapumui tena.

Jioni yake vijana walirudi shambani, wakamwua nyoka wa kijani chini ya mti uleule, wakamleta uani ili watu wamtazame. Nilimtazama sana. Alikuwa na macho makubwa ya rangi ya dhahabu, na vidoa vyeusi shingoni. Ilinichukua miaka sita, na kitabu chenye picha katika maktaba yetu, kufahamu kwamba yule waliyemwua alikuwa ukukwi kweli. Mwenyewe aliyemwuma mjomba alikuwa bado juu ya mti.

Ndiyo sababu katika makala haya nitasema habari moja tu, yaani viumbe vinavyofanana.

Pwani yetu ina nyoka wa kijani wa namna tatu wanaochanganywa. Wa kwanza ni ukukwi. Ni mwembamba, kwa kawaida hafiki urefu wa mita moja na robo, macho yake ni makubwa, hupenda vyura na mijusi, naye hana sumu ya kumdhuru mtu. Wa pili ni koboko wa kijani. Huyu hufika mita mbili na kuzidi, kichwa chake ni kirefu na chembamba, macho yake ni madogo kwa kichwa hicho, na magamba yake ni laini. Hukaa mitini karibu maisha yake yote, naye hupenda hasa miembe na mikorosho iliyofungamana matawi, yaani ile ile tunayoipanda. Si mkali, hujificha na hukimbia. Lakini sumu yake hupiga mishipa ya fahamu, na mtu huacha kupumua. Wa tatu ni nyoka-miti mwenye kichwa kifupi na macho makubwa kupita wote. Magamba yake yana mgongo mdogo katikati, hata ngozi aliyoivua hukwaruza vidole. Madume yake mara nyingi ni ya kijani, majike mara nyingi ni ya kahawia. Meno yake ya sumu yako nyuma, chini ya macho, kwa hiyo wengi walidhani zamani kwamba hawezi kumdhuru mtu.

Aliyedhani hivyo si mtu wa shamba peke yake. Mwaka 1957 bwana Karl Schmidt wa Chicago, aliyekuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa nyoka duniani, aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ili amtambue ni wa namna gani. Alifanana na huyu wa tatu wa kwetu Afrika, lakini gamba moja la chini karibu na mkia halikulingana na vitabu, wakasita. Nyoka akamwuma katika kidole gumba. Bwana Schmidt hakwenda hospitali. Alikwenda nyumbani, akaandika daftarini kila alichokiona mwilini mwake. Sumu ya nyoka huyu haifanyi haraka kama ya koboko. Huizuia damu kuganda, mtu akatoka damu ndani na nje. Asubuhi alikula chakula chake, na alasiri ya siku hiyo alikufa. Najua si adabu kwa mwanafunzi kumkosoa mtaalamu, lakini nikisoma habari hiyo namwona mjomba wangu akijifuta kwa shati.

Ng'ambo ya pili ya Ruvuma, huko Newala, alikaa bwana mwingine Mwingereza, C. J. P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968. Watu walimwita Bwana Nyoka. Mtu akimwona nyoka mtini alimpelekea habari, naye akaja na mti wake mrefu wenye koleo nchani, akamshika. Makoboko wa kijani aliowatoa katika mikorosho na miembe ya Newala walikuwa wengi mno, wakapelekwa nchi za ng'ambo. Wengine katika darasa letu walitaka kumwiga. Nawasihi wasimwige. Yeye mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliumwa mara nyingi.

Mimi nawatazama kwa mbali, nami hutumia zaidi ngozi zilizovuliwa. Ngozi yaweza kuhesabiwa magamba katikati ya mwili kwa ubavu: ya ukukwi ina safu 15, na ya koboko wa kijani kwa kawaida ina zaidi, mara nyingi 19. Nilihesabu ngozi niliyoiokota chini ya mwembe wa bibi mara nne. Nilipata 19 mara tatu, na 18 mara moja nilipokuwa na njaa. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayelala chini ya mwembe ule.

Nyoka wengine nitawapita haraka. Kifutu hulala njiani bila kuondoka, nao waumwao hukanyaga wenyewe. Swila hutema mate ya sumu machoni, na dawa yake ni kuosha macho kwa maji mengi mara moja. Wilhelm Peters wa Berlin, aliyetembea Msumbiji katika miaka ya 1840, ndiye aliyemwandika mwaka 1854 kwa jina la Naja mossambica. Hata baharini kuna kufanana. Wavuvi wetu wakivua mkunga mwenye mistari humtupa kwa hofu wakidhani ni nyoka, kumbe nyoka wa bahari wa kweli mkia wake umebapa kama kafi.

Yapasa nieleze pia afanyiwe nini aliyeumwa, maana hapo ndipo tulipokosea. Asingojewe mpaka aonyeshe dalili, hata kama yeye mwenyewe asema ni ukukwi. Atulizwe, alazwe, pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba, na kiungo kifungwe kijiti kama kilichovunjika ili kisitikisike. Achukuliwe upesi hospitali yenye dawa ya kupinga sumu. Asichanjwe wembe, asinyonywe, wala asifungwe kamba ya kuzuia damu. Lile “jiwe jeusi” linalouzwa sokoni halivuti sumu yoyote. Na akiacha kupumua kwa sumu ya koboko, moyo wake huenda bado wapiga; apuliziwe pumzi mdomoni njia nzima mpaka hospitali. Nilipojifunza neno hili la mwisho mwaka jana sikulala usiku ule.

Dawa yenyewe hufanywa hivi: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake izoee kuishinda, kisha sehemu ya damu hiyo husafishwa ikawa dawa. Mfaransa Albert Calmette alikuwa miongoni mwa waliovumbua njia hiyo katika miaka ya 1890. Dawa ya nyoka wa nchi moja huenda isifae nyoka wa nchi nyingine, na nyoka-miti wetu wa tatu ana dawa yake peke yake. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wengi wao ni wakulima na watoto, kwa kuwa hao ndio wanaotembea miguu mitupu.

Sasa vipepeo. Msomaji aweza kufikiri kwamba hapa tutapumzika, lakini hadithi ni ileile.

Wavu wangu niliushona kwa chandarua kilichokuwa kimetoboka hata mbu walikicheka, nikaufunga kwenye ufito. Karibu na ufuko kuna mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, nao viwavi wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano huula bila kudhurika. Sumu ya utomvu hubaki miilini mwao hata wakiisha kuwa vipepeo: wa rangi ya machungwa, wenye ncha nyeusi na madoa meupe. Linnaeus aliwapa jina la chrysippus mwaka 1758. Huruka polepole kama bibi arusi, hawamwogopi mtu wala ndege. Ndege mchanga akimla mmoja, humtapika, na rangi ile haisahau.

Wa tatu niliyemkamata alinishangaza. Rangi ilikuwa ileile, mwendo uleule, ncha nyeusi zilezile. Lakini bawa la nyuma la kipepeo wa sumu lina madoa meusi matatu au manne katikati, na la huyu lilikuwa na moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Kumbe ni wa jamii nyingine kabisa, hana sumu, amevaa nguo za jirani. Tena aliyevaa ni jike tu! Dume lake ni jeusi, lenye duara nyeupe zenye ukingo wa zambarau, wala mtu asingedhani kwamba hao wawili ni mume na mke. Wataalamu wengi hufikiri kwamba jike lahitaji kinga zaidi kwa kuwa huruka taratibu likitafuta mahali pa kutaga mayai. Mwingereza Henry Bates, aliyekaa miaka kumi na mmoja katika misitu ya mto Amazon, ndiye aliyeeleza desturi hii ya kuiga kwa mara ya kwanza, mwaka 1862.

Nikawaza jambo ambalo vitabu havikuniambia. Ndege anayekosea kwa kipepeo hupata hasara ndogo tu, yaani hukosa chakula kizuri au hutapika kibaya. Kwetu sisi chini ya mkorosho hesabu haikuwa hivyo.

Anayetaka kuanza bila wavu na atazame mndimu wa nyumbani. Kiwavi mdogo wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano hufanana na mavi ya ndege, hata kuku humwacha. Akikua huwa wa kijani, nawe ukimgusa hutoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa zenye harufu mbaya. Hauma. Mfunge katika kopo lenye matundu, mpe majani mabichi ya mndimu kila siku, nawe utamwona akijifunga, na siku nyingi baadaye akitoka na mabawa. Kila mfano uandikiwe mahali, tarehe na mmea aliokutwa juu yake. Kipepeo asiye na karatasi yake ni pambo tu.

Juu ya miti ya dawa, mwalimu wangu ni bibi yangu, naye ni mkali kuliko walimu wa hapa.

Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 vikafika Palma. Mimi nilikuwa nimekwisha kuletwa ng'ambo hii kwa shangazi yangu nipate kusoma. Bibi alikimbia na khanga mbili na kisu chake cha kuchimbia mizizi, akakaa miezi mingi bara, katika kambi, juu ya udongo mwekundu usiokuwa wake. Watu wa kwetu waliokuwa pale walimjua kuwa mganga wa majani, wakamwendea. Siku moja mama mmoja alimletea majani aliyosema ni ya mwarobaini, ili amchemshie mtoto mwenye homa. Bibi aliyageuza, akayanusa, akauliza maua yake ni ya rangi gani. “Zambarau.” Akayatupa. Akamwambia ampeleke mtoto kwa madaktari wa kambi saa ile ile. Watu wakasema bibi amezeeka, hana dawa tena.

Bibi alikuwa na haki. Mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, una maua meupe, na jani lake lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili. Ndugu yake mwenye maua ya zambarau, ambaye wengine humwita mwarobaini nusu, jani lake hugawanyika mara mbili, vikonyo juu ya kikonyo, na matunda yake ya manjano yana sumu. Hata mwarobaini wenyewe si wa kuchezewa, maana mafuta ya mbegu zake yamepata kudhuru watoto wachanga. Na malaria sharti itibiwe kwa dawa za hospitali, jambo ambalo bibi hukubali bila ubishi, kwa kuwa amezika watu.

Mturituri nao una pande mbili katika mti mmoja. Majani yake ni matamu, hutafunwa kwa kikohozi. Mbegu zake nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo wasichana huzitunga shangani, zina sumu kali hata punje moja iliyotafunwa yaweza kumwua mtoto. Na mbele ya nyumba ya bibi kuna ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, asili yake Bukini, yaani Madagaska, ambalo yeye amelipanda kwa uzuri tu. Wataalamu wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliletewa majani ya ua hilo kutoka Jamaica kwa sababu watu walilinywa kwa ugonjwa wa sukari. Hawakuona faida kubwa kwa sukari, ila waliona kwamba linapunguza chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 wakatangaza dawa waliyoitoa ndani yake. Leo dawa za ua hilo hutibu saratani, hata ile ya damu inayowapata watoto. Lakini hupimwa kwa vipimo vidogo sana. Akinywa mtu majani yenyewe atajidhuru. Nilipomweleza bibi, alitoka akalitazama ua lake kwa muda, akaniuliza kama kuku wake wamepata kulidonoa.

Msituni hatukwenda. Baada ya yaliyotokea hakuna anayemruhusu mtoto wa kike kutangatanga huko, na haki yao. Tulichuma uani, mashambani na ufukoni, nikakausha majani kati ya magazeti ya zamani chini ya kinu. Daftari langu lina safu za jina la Kimwani, jina la Kiswahili, aliyenieleza, mahali, tarehe, na sehemu itumikayo. Bibi, asiyejua kusoma, alinitaka niongeze safu moja, ya madhara. Kila usiku nilimsomea nilichoandika, naye akanirudisha nyuma kama karani mkuu. Majani matatu alikataa nisiyaandike kabisa mpaka yatoe maua.

Usiku wa mwisho tulisoma ukurasa wa nyoka. Mtoto wa mjomba, ambaye sasa ana miaka kumi kama niliyokuwa nayo mimi, alikuwa akisikiliza. Akasema yeye na wenzake wamempa jina yule mbaya, “ukukwi macho madogo.” Bibi alilikataa mara moja. Akasema aliyemwua mwanawe asiitwe ukukwi hata kidogo, wala kwa macho wala kwa mkia. Tukabishana mpaka taa ikapungua mafuta. Mwishowe tukakubaliana kumwita koboko wa mkorosho, na asubuhi watoto walikwenda kuwaambia wengine. Nimeliandika jina hilo daftarini kwa wino, si kwa kalamu ya risasi.